Fahamu: Kwa nini kumbi za kukwea hubadilisha kuta zao kila mara

Mwaka 1964, Don Robinson alipachika vipande vya mawe kwenye ukuta wa korido katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, ili wakweaji wajinoe kabla ya kwenda milimani. Leo ukuta wenyewe ni biashara. Kilichovuta wengi ni kuta fupi, za mita nne hivi, zisizohitaji kamba wala mtu wa kukushikia: unakodi viatu, unapaka chaki viganjani, ukiteleza unaangukia godoro nene.

Ushindani wa kumbi uko hapa: vishikio vya plastiki hufunguliwa, huoshwa, hupangwa upya kuwa njia mpya za kukwea. Mteja aliyekwisha kumaliza njia zote atalipa ada ya mwezi ujao ya nini? Kahawa na yoga zinazotolewa kumbini, nionavyo, ni nyongeza tu.