KARAMU AMBAYO MGENI NDIYE MLIPAJI

Kwa desturi za kwetu, mtu akipiga ngoma nyumbani kwake na kuwaita majirani, gharama zote ni zake. Yeye ndiye achinjaye, yeye ndiye atengenezaye pombe, na mgeni huja na miguu yake na vigelegele vyake tu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone; maana siku ya mgeni hata wenye nyumba hula vizuri. Lakini siku hizi imezuka karamu ya namna nyingine. Mwenyeji wake ni mwenye kiwanda cha pombe, ukumbi wake ni baa, kivutio chake ni muziki, na mlipaji wake ni yule yule aliyealikwa. Katika karamu hiyo mwenyeji hupona kweli kweli.

Leo twapenda kuwasimulia ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi habari za karamu moja ya namna hiyo, iliyofanyika kila mwaka katika nchi ya Ireland tangu 2009 hadi 2013. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, pombe yenyewe si ngeni kwetu: ni ile bia nyeusi, chungu, iitwayo Guinness, ambayo chupa zake zajulikana sana katika mabaa ya Afrika Mashariki. Pili, mambo yalianza kwa shangwe na kuishia kwa lawama, na ndani yake mna mafunzo kwa kila mtu apokeaye mshahara mwisho wa mwezi, na hasa kwa yule ambaye kazi yake ni kulinda amani wakati wengine wanapostarehe.

Tuanze na asili yake. Tarehe 31 Desemba, 1759, mtu mmoja aitwaye Arthur Guinness alitia sahihi mkataba wa kukodi kiwanda cha pombe kilichokuwa kimeachwa bila kazi, mahali paitwapo St James's Gate katika mji wa Dublin. Eneo lake lilikuwa kama ekari 4. Kodi ilikuwa pauni 45 kwa mwaka, na muda wa mkataba, msomaji asidhani kwamba tumekosea kuandika, ulikuwa miaka 9,000. Kutokana na kiwanda hicho ilikua biashara kubwa iliyoenea duniani kote. Mwaka 1997 kampuni hiyo iliungana na nyingine, ikazaliwa kampuni iitwayo Diageo, yenye makao makuu London. Basi hata bia ambayo watu wa Ireland huiona kuwa ni alama ya taifa lao, wenyewe hawakuwa tena Dublin.

Ilipotimia miaka 250 tangu mkataba ule kutiwa sahihi, kampuni iliamua kufanya sherehe. Siku ya Alhamisi, tarehe 24 Septemba, 2009, watu waliombwa waingie katika mabaa na kumbi za muziki, na ilipofika saa kumi na moja na dakika hamsini na tisa za jioni wainue bilauri zao kwa pamoja na kulitaja jina la Arthur. Kwa nini dakika ile? Kwa sababu saa ya hesabu ya 24 huonyesha wakati huo kuwa 17:59, nao mkataba ulikuwa wa mwaka 1759. Siku hiyo ikapewa jina la Arthur's Day, yaani Siku ya Arthur. Muziki ulipigwa Dublin, na sherehe zikafika hata Lagos, Kuala Lumpur na New York. Miongoni mwa waimbaji mashuhuri waliokwenda Dublin alikuwamo Tom Jones.

Watu waliipokea kwa furaha, na hatuwezi kuwalaumu. Ireland ilikuwa katika dhiki. Mabenki yake yalikuwa yametikisika tangu 2008, ujenzi wa nyumba ulikuwa umesimama, vijana walikuwa wakihama kutafuta kazi ng'ambo, na mwezi Novemba, 2010, serikali ililazimika kuomba mkopo wa kuiokoa kutoka Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mtu mwenye majonzi akiletewa ngoma mlangoni hakai ndani. Hivyo sherehe iliyoanzishwa kwa ajili ya mwaka mmoja ikarudiwa mwaka wa pili, wa tatu, hata wa tano.

Hapa ndipo penye jambo la kuangaliwa. Mkataba ulitiwa sahihi mwezi wa Desemba, lakini sherehe iliwekwa Septemba. Sisi twaona kwamba sababu haiko mbali: mwisho wa Desemba watu wa Ulaya hunywa bila ya kuombwa na mtu, lakini Alhamisi ya mwezi wa Septemba ni siku ya kazi kama siku nyingine, na baa huwa haijajaa. Siku hiyo haikuwa ya kanisa, wala ya uhuru, wala ya shujaa aliyekufa vitani. Ilikuwa siku iliyobuniwa na wauzaji, ikavikwa nguo za sikukuu ya taifa. Na kesho yake ilikuwa Ijumaa, ambapo mwajiri alimtazamia mfanyakazi wake afike asubuhi akiwa na akili timamu.

Sasa tuyatazame masikitiko yenyewe. Kivutio kikubwa cha siku ile kilikuwa ni siri. Ilitangazwa kwamba waimbaji wakubwa wangetokea ghafula katika baa za kawaida, bila ya watu kujua ni nani atakayetokea wapi. Mfikirieni kijana anayetoka mkoani kwa gari la moshi, amelipa nauli, ameomba ruhusa kazini. Afika Dublin mchana, aingia katika baa iliyojaa hata pa kusimama hapana. Akiondoka aende kutazama kwingine, huenda mwimbaji akatokea pale alipopaacha. Akikaa, ni lazima awe na bilauri mkononi, maana baa si mahali pa kukaa bure. Basi anunua ya kwanza, anunua ya pili, na kila mlango ukifunguliwa shingo zote zageuka. Mara nyingi aingiaye ni mnywaji mwingine tu. Mwimbaji aliyekuja alikuja kwa muda mfupi, akaimba nyimbo chache, akaondoka kwenda kwingine, na aliyekuwa baa ya pili alipata habari yake kwa simu. Kwa mteja, siri ile ilikuwa ni mchezo. Kwa muuzaji, kila saa ya kungoja ilikuwa saa ya mauzo.

Wenye kujua muziki wa Ireland walikuwa na sikitiko lingine. Nchi ile ina desturi ya zamani, ambayo wapiga fidla, wapiga filimbi, wapiga zumari la mfuko na wapiga ngoma ya mkononi iitwayo bodhrán hukusanyika katika pembe ya baa, wakaizunguka meza moja, wakapiga nyimbo walizorithi kwa wazee wao. Hapana jukwaa wala tiketi. Mgeni akiujua wimbo hukaribishwa aketi na chombo chake. Asipoujua husikiliza kwa adabu. Muziki wa namna hiyo haungoji bango la kampuni, na hupigwa mwaka mzima, iwe kuna watu mia au watano. Ni haki kusema kwamba siku ya Arthur ilitoa kazi kwa wanamuziki wengi wa nchi. Lakini muziki uliokuwa sababu ya watu kukutana uligeuzwa kuwa chambo, na samaki akinaswa, chambo hakitazamwi tena.

Usiku ulipoingia, mambo yakafikia kazi ya wasomaji wetu. Polisi wa Ireland huitwa Garda Síochána, maana yake walinzi wa amani, na wengi wao waliovaa sare hufanya kazi bila ya bunduki. Hao ndio waliokuta barabara za katikati ya mji, hasa mtaa wa Temple Bar, zimejaa vijana waliolewa, vipande vya chupa na matapishi. Wahudumu wa magari ya wagonjwa nao walikuwa na usiku mrefu, na hospitali zilipokea watu ambao ugonjwa wao ulikuwa ni pombe tu. Mwaka baada ya mwaka malalamiko yaliongezeka. Kila askari aliyepata kuwa zamu usiku wa sikukuu atafahamu upesi tunalolisema: faida ya usiku ule ilihesabiwa ofisini, lakini hasara yake iliokotwa barabarani, na aliyeiokota alilipwa na wananchi wote, wanywao na wasiokunywa.

Mwaka 2013 ngoma ikapasuka. Madaktari wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Ireland walisimama hadharani kuilaumu siku ile, wakieleza madhara ya pombe ambayo wao huyaona kila siku katika maini ya wagonjwa wao. Wanamuziki nao, ambao kwa jina lao sherehe ilikuwa ikifanywa, wakaigeuzia mgongo. Christy Moore, mwimbaji anayeheshimiwa sana nchini humo, na ambaye mwenyewe alikwisha kuiacha pombe miaka mingi kabla ya hapo, alitoa wimbo wa kuikejeli. Wenzake wa kundi la Waterboys wakatoa wao pia. Kampuni ilijitetea kwamba ilikuwa ikiukuza muziki, ikiwasaidia wenye baa na kuwavuta watalii. Na ni kweli kwamba tangu 2009 ilikuwa imeanzisha mfuko wa kuwasaidia watu wenye miradi ya manufaa kwa jamii. Lakini waliposimama daktari, mwanamuziki na mzazi upande mmoja, sauti ya tangazo haikutosha tena. Mwezi Januari, 2014, ilitangazwa kwamba Siku ya Arthur imekwisha. Mkataba wa miaka 9,000 ulizaa sikukuu ya miaka 5.

Nchi yenyewe haikuishia hapo. Mwaka 2018 Bunge la Ireland lilipitisha sheria ya afya kuhusu pombe, iliyoweka mipaka ya matangazo yake, na tangu Januari, 2022, pombe haiwezi kuuzwa kwa bei iliyo chini ya kiwango kilichowekwa. Hatusemi kwamba karamu ile ndiyo iliyoleta sheria. Twasema tu kwamba watu wa nchi ile walikuwa wamekwisha kuanza kuuliza nani anywesha nani, na kwa faida ya nani.

Huenda msomaji akasema: hayo ni ya Dublin, yatuhusu nini? Sisi wenyewe tumepata kuketi katika karamu ya namna hiyo, katika baa moja jirani na kambi, ambayo hatutaitaja wala hatutaitaja bia yake. Bendi ilitangazwa kuanza saa mbili za usiku. Saa mbili zikapita, na nne zikapita. Kipaza sauti kikawa kinasifu bia na kugawa kofia kwa walionunua chupa kadha wa kadha. Bendi ilipanda jukwaani karibu na saa sita, ikapiga nyimbo nne, na umeme ukakatika. Mezani petu alikuwapo koplo mmoja aliyekuja kwa ajili ya mwimbaji ambaye alimpenda tangu ujana wake. Mshahara ulikuwa umetoka siku ile ile. Alipotoka nje alikuwa na kofia mbili kichwani, moja juu ya nyingine, na alikuwa akijipapasa mifukoni akitafuta nauli ya kurudia. Wenzake walicheka. Yeye alicheka nao kidogo, kisha akanyamaza, akasema kwa sauti ya chini kwamba karo ya mtoto ilikuwa ilipwe Jumatatu.

Hatuandiki haya ili kumkataza mtu starehe. Askari ni mtu. Anachoka, anahitaji wenzake, anahitaji muziki. Wala hatusemi kwamba kila baa yenye bango la kampuni ni mtego. Lakini askari amefundishwa kulichunguza eneo kabla ya kuingia, na mafunzo hayo hayafai kuachwa getini pamoja na silaha. Basi akialikwa katika sherehe ya namna hiyo, na ajiulize mambo machache. Nani ndiye mwenyeji, na yeye anauza nini? Bendi itapiga saa ngapi, na isipopiga tutaondoka saa ngapi? Fedha ya nyumbani imekwisha kufika nyumbani, au ingali mfukoni? Kesho zamu ni ya nani? Mwenye majibu ya maswali hayo ataingia, atacheza, atakunywa kiasi chake akipenda, na atatoka akiwa ni mtu yule yule aliyeingia.

Na kama ni muziki tu tunaoutaka, tukumbuke wale wapiga fidla wa pembeni. Katika kila kambi wamo watu wajuao kupiga gitaa, adungu na ngoma. Jioni moja ya mapumziko, viti vikizungushwa chini ya mwembe, wake na watoto wakiwapo, ni sherehe ambayo haina mdhamini. Kofia hazitagawiwa. Lakini bendi haitachelewa, kwa kuwa bendi ni sisi wenyewe, na Jumatatu ikifika karo ya mtoto itakuwapo.