Ile Hela Iko Wapi? Namna ya Kuchagua Programu ya Uhasibu kwa Kampuni Ndogo ya IT

Hapa Arusha machalii wakikaribia kumaliza chuo, si ajabu kuona watatu wanne wameungana na kufungua kampuni ndogo ya kompyuta. Wanatengeneza tovuti za kampuni za utalii, wanafunga kamera kwenye lodji za Usa River, wanavuta nyaya za mtandao kwenye shule za Ngaramtoni. Kazi wanaiweza. Kinachowagombanisha ni swali moja tu: ile hela iko wapi? Programu ya uhasibu inanunuliwa ili kujibu swali hilo kabla urafiki haujaingia doa.

Hela iliyopo siyo faida

Tuchukue mfano. Mmepata kazi ya kufunga kamera kwenye hoteli kwa shilingi 6,000,000. Hoteli imetanguliza 3,000,000, nyingine italipa baadaye. Vifaa ni vya 3,600,000: mmelipa 1,500,000 dukani, na 2,100,000 mmekopa. Nauli na vibarua vimekula 600,000. Ukifungua simu inasoma 900,000, na kila mtu anataka mgawo wake.

Ukweli ni kwamba dukani mnadaiwa zaidi ya mara mbili ya hiyo hela. Faida ya kazi ni 1,800,000, lakini bado imekaa mfukoni kwa hoteli. Mkigawana ile laki tisa leo, mwenye duka akija kesho mtamlipa na nini? Taarifa ya M-Pesa haiwezi kukuonyesha haya, kwa sababu yenyewe inajua kilichoingia na kilichotoka tu. Kwa hiyo sharti la kwanza: programu iwe na leja kamili ya pande mbili, yenye wadaiwa, wadai, na uwezo wa kuonyesha faida ya kila kazi peke yake. Programu inayoorodhesha mapato na matumizi tu ni daftari lililohamia kwenye kompyuta.

Maswali ya hapa kwetu

La kwanza ni kodi ya zuio. Kampuni ikikulipa kwa huduma ya kitaalamu, inatakiwa kukata asilimia 5 na kuipeleka TRA. Ankara ya matengenezo ya 1,000,000 italipwa 950,000, na ile 50,000 utapewa hati yake. Hiyo ni kodi yako uliyokwisha kulipa, utaidai mwisho wa mwaka. Programu iweze kuandika mapato 1,000,000 na kuiweka 50,000 kwenye akaunti yake. Ukiandika 950,000 tu, umeitupa.

La pili ni risiti. Ankara nzuri yenye nembo inayotoka kwenye programu siyo risiti ya kodi. Risiti inayotambulika inatoka kwenye mashine ya EFD, au kwenye mfumo wa VFD unaofanya kazi hiyo bila mashine. Muulize muuzaji: programu yako imeunganishwa na VFD, au nitaandika kila mauzo mara mbili? Na VAT nayo: mwaka 2023 kiwango cha mauzo kinacholazimisha kujisajili kilipandishwa kutoka milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka. Leo unaweza kuwa chini yake, lakini chagua programu ambayo asilimia 18 inawashwa siku ukifika, siyo ya kuhama nayo.

La tatu ni dola. Mji huu ulizoea kutaja bei kwa dola kwa sababu ya utalii. Kanuni za Machi 2025 zimekataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Hata hivyo mteja wako anaweza kuwa Ujerumani, na huenda seva unaikodi nje kwa dola. Bado unahitaji programu inayobeba sarafu zaidi ya moja na kuonyesha ulichopata au kupoteza kwa kubadilika kwa bei ya dola.

La nne ni msimu. Masika ya Aprili na Mei wageni wanapungua, na kampuni za utalii zinakaza mkono. Ripoti ya madeni kwa umri, yaani nani anadaiwa siku 30, 60 au 90, ndiyo itakayokuambia uende kudai lini, kabla ya kodi ya pango kufika.

Zipo zipi?

TallyPrime ya India na QuickBooks ya Marekani wahasibu wengi hapa nchini wanazijua, na hilo siyo jambo dogo. Zoho Books inafanya kazi kwenye intaneti na unailipia kwa mwezi au mwaka. Wave ilisifiwa sana kwa kuwa ya bure, lakini tangu mwishoni mwa 2020 haipokei wateja wapya nje ya Marekani na Kanada. Ni fundisho: kitu cha bure kwenye seva ya mtu kinaweza kufungwa bila wewe kuulizwa.

Kwa wasio na mtaji kuna GnuCash, programu huria inayokaa kwenye kompyuta yako, na Manager, ambayo toleo lake la kompyuta ni la bure. Zote mbili zinafanya kazi hata intaneti ikikata. ERPNext nayo ni huria na ina mambo mengi, na watu wa IT tunaipenda kwa sababu inachezeka. Hapo ndipo mtego ulipo. Mtatumia wiki sita kuiweka kwenye seva na kuipamba, huku ankara za wateja hazijatoka. Na wazo la "si tuandike ya kwetu tu" liacheni kwanza. Kazi yenu ni kulipwa.

Kabla ya kulipia

Mtafute mhasibu kwanza, programu baadaye. Marejesho ya kodi ya kampuni yanapaswa kuandaliwa au kuthibitishwa na mhasibu aliyesajiliwa na NBAA, hivyo muulize anaifahamu ipi. Wanafunzi wa uhasibu wapo hapohapo jirani: pale IAA Njiro wanasoma chuo kimoja na wa kompyuta. Mmoja wao awe mwenzenu.

Kisha ingizeni miamala ya mwezi mmoja halisi kwenye programu mbili za majaribio. Angalieni kama salio la benki na la simu linalingana na la programu. Jaribuni kutoa data yote kwenye faili za CSV. Ikigoma, achaneni nayo. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe angalau miaka mitano, na programu inaweza kufa kabla ya hapo. Mwisho, kila mwenye hisa apewe ruhusa ya kusoma ripoti, lakini anayeingiza awe mmoja. Hapo mtu akiuliza hela iko wapi, anafungua mwenyewe na kuona.