Asiyekuwapo na lake halipo: Wazazi wa Gisozi wamchague nani katika kamati ya shule?

Katika mwaka wa masomo kuna siku moja ambayo wazazi wengi huihesabu kuwa ndogo, ilhali ndiyo iamuayo mambo mengi ya watoto wao. Nayo ni siku ya mkutano mkuu wa wazazi, ambao Wanyarwanda huuita inteko rusange y'ababyeyi, siku ya kuchagua wazazi watakaoingia katika kamati ya shule. Siku hiyo hapana mabango wala vipaza sauti. Wazazi huketi katika madawati ya watoto, majina hutajwa, watu hukubaliana, na shughuli huisha mapema. Aliyechelewa hukuta shule imekwisha kupata wasemaji wake.

Wiki hii ukurasa wetu wa nyumbani unapenda kuzungumza na jamaa za askari jeshi na polisi, pamoja na wazazi wote wa Gisozi, juu ya siku hiyo. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

GISOZI NA SHULE ZAKE

Kata ya Gisozi imo katika Wilaya ya Gasabo, Jiji la Kigali, nayo ina seli mbili, Musezero na Ruhango. Ni mahali pa watu wa kila namna. Mafundi seremala wa Agakiriro hutengeneza vitanda, makabati na viti vinavyouzwa jiji zima. Wapo wafanyabiashara, watumishi wa serikali, wanafunzi wa chuo kikuu, vibarua, na wapo walinzi wa usalama ambao watoto wao hucheza na watoto wa hao wote.

Mwenye uwezo aghalabu humpeleka mwanawe katika shule ya kulipia. Hatuna nia ya kumlaumu. Kila mzazi humtafutia mwanawe lililo jema. Lakini yafaa ieleweke kwamba mtu huyo aondokapo haondoki na mtoto peke yake. Huondoka pia na sauti yake, elimu yake na muda wake wa kuuliza maswali. Ikiwa wote wajuao kusoma hesabu za fedha watakwenda kwingine, ni nani atakayezisoma hesabu za shule ya umma, wanakosoma watoto walio wengi? Kwa hiyo wazazi waliobaki hawana budi kuchagua kwa makini zaidi.

TULIKOTOKA

Zaidi ya hayo, katika nchi hii shule ya wote haikupatikana kwa urahisi. Kabla ya mwaka 1994 nafasi za shule za sekondari ziligawanywa kwa mafungu ya kikabila na ya mikoa. Watoto walisimamishwa darasani wahesabiwe kwa kabila, na mtoto mwenye akili aliweza kukosa nafasi kwa sababu ya neno lililoandikwa katika kitambulisho cha baba yake. Baadhi ya wazazi walionyimwa nafasi walilazimika kujichangia na kuanzisha shule zao wenyewe. Matokeo ya siasa hiyo ya ubaguzi tunayajua. Hapo hapo Gisozi, katika Ukumbusho wa Mauaji ya Kimbari uliofunguliwa mwaka 2004, wamezikwa watu zaidi ya 250,000.

Tangu wakati huo mlango umefunguliwa hatua kwa hatua. Mwaka 2003 karo ya shule ya msingi iliondolewa. Mwaka 2009 ulianza mpango wa elimu ya msingi ya miaka tisa, na mwaka 2012 ukaongezwa kuwa wa miaka kumi na miwili. Mwaka 2020 serikali ilianza kujenga madarasa zaidi ya 22,000 nchi nzima ili kupunguza msongamano na safari ndefu za watoto. Wananchi walishiriki kujenga. Walibeba matofali, mchanga na maji. Mtu aliyebeba tofali la shule anayo haki ya kuuliza shule hiyo inaendeshwaje, na kwa hakika anao wajibu wa kuuliza.

KAMATI INA NGUVU GANI?

Baadhi ya wazazi hudhani kamati ni ya kupokea wageni na kugawa zawadi mwisho wa mwaka. Sivyo. Sheria ya tarehe 15 Juni 2012 iliyohusu shule za chekechea, msingi na sekondari iliweka Mkutano Mkuu wa Shule pamoja na kamati yake, ili wazazi wapate mahali pa kukaa na walimu na uongozi wa shule na kuamua mambo kwa pamoja.

Tutoe mfano wa chakula cha mchana. Mwezi wa Septemba 2022 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba katika shule za chekechea na za msingi za serikali, na zile ambazo serikali inasaidiana na madhehebu ya dini, mzazi atachangia chakula faranga 975 kwa muhula. Fedha hizo ni sehemu moja tu katika kumi ya gharama. Sehemu tisa hutolewa na serikali. Wizara ilisema pia kwamba ikiwa ipo sababu ya kuomba mchango mwingine, usizidi faranga 7,000, nao uwe umekubaliwa na mkutano mkuu wa wazazi.

Sasa tupige hesabu. Chukua shule yenye watoto 1,000. Wazazi wote wakilipa, zitapatikana faranga 975,000 kwa muhula. Sehemu tisa za serikali zitakuwa faranga 8,775,000. Jumla ni 9,750,000. Fedha hizo zote zinageuka kuwa mahindi, maharage, mafuta, chumvi na kuni. Nani aliyepima magunia yalipofika? Nani aliyeandika katika daftari la ghala? Maharage yaliyonunuliwa ndiyo yaliyopikwa? Hayo ni maswali ya kamati. Kama wajumbe wake wamelala, wa kwanza kujua ni mtoto, kwa maana sahani yake itakuwa nyepesi.

Vivyo hivyo kwa ule mchango wa ziada. Mkutano ukihudhuriwa na wazazi 40 katika 800, hao 40 watapitisha mchango kwa niaba ya wote. Yule mama anayeuza ndizi barabarani, ambaye hakuhudhuria, atakutana na deni asilolijua.

NANI ANAFAA?

Yafuatayo ni mambo ambayo mzazi mwenye busara atayatazama kabla ya kuinua mkono.

Kwanza, mgombea awe na mtoto katika shule hiyo hiyo. Mtu hulinda vizuri zaidi chungu ambacho mwanawe hula humo.

Pili, asiwe mwenye kuiuzia shule bidhaa. Anayeleta kuni au maharage hawezi kuwa yeye tena wa kuyapima na kuyakubali. Hata akiwa mwaminifu, watu watanong'ona, na minong'ono huvunja kamati.

Tatu, ajue kuuliza pasipo kugombana. Mwalimu Mkuu si adui wa wazazi. Mjumbe mwema humheshimu mwalimu, humtetea anapoonewa, na papo hapo humwomba aonyeshe stakabadhi.

Nne, awe na huruma kwa maskini. Wapo wazazi ambao hata faranga 975 huwashinda katika muhula mgumu. Anayefaa ni yule atakayetafuta njia ya kumsaidia mzazi huyo kwa siri, si yule atakayesoma jina la mtoto mbele ya wenzake.

Tano, awakumbuke watoto wanaosahauliwa: mwenye ulemavu asiyeweza kupanda ngazi, msichana anayekosa masomo kwa kukosa mahali pa faragha, na mvulana aliyeacha shule ili abebe mbao kwa ujira.

Mwisho, awe na nafasi ya kuhudhuria. Mtu mashuhuri asiyeonekana mikutanoni ni kiti kitupu chenye jina kubwa.

Wala wanawake wasiachwe nyuma. Katiba ya Rwanda ya mwaka 2003 iliweka kwamba wanawake wasipungue asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi. Katika shule aghalabu ni akina mama wanaojua mtoto gani amerudi na njaa na nani amepotewa na daftari. Ujuzi huo wapaswa kuingia katika kamati.

SARE NA KAMATI

Hapa tuna neno na walinzi wa usalama na jamaa zao. Askari wa Rwanda wametumikia mbali na nyumbani: walikwenda Sudan mwaka 2004, Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 2014, na Msumbiji mwaka 2021. Polisi nao hufanya zamu za usiku na mchana. Baba au mama anapokuwa kazini namna hiyo, aliyebaki nyumbani ndiye mzazi kamili mbele ya shule. Asikae kimya kwa kungoja mwenzake arudi, wala asidhani kwamba neno lake ni pungufu. Kabla ya kuondoka, wenzi wawili na wakubaliane: nani atakwenda mkutanoni, na ni mambo gani wanayotaka yasemwe.

Na yule aliyepo nyumbani wakati wa mkutano, na akumbuke kwamba katika dawati la darasa hapana cheo. Afande akiingia pale ni Baba Fulani au Mama Fulani tu, mwenye kura moja kama fundi na mchuuzi. Jirani akimpendekeza kwa sababu ya nyota zake begani, afadhali ajiulize kama kazi yake itamruhusu kuhudhuria. Ikiwa haitamruhusu, amwachie mwingine kwa moyo mweupe, naye amsaidie. Lakini yapo mambo ambayo jeshi na polisi hufundisha vizuri, nayo shule inayahitaji: kufika kwa wakati, kuhesabu vitu ghalani, kuandika kila kilichotoka na kila kilichoingia.

BAADA YA KURA

Kumuunga mkono mgombea mwema si kumpigia makofi. Kazi huanza kabla ya mkutano. Watu wanaofaa mara nyingi hukataa, wakisema hawana muda. Wafuateni nyumbani, muwaombe, muwaahidi msaada. Na mkisha kuwachagua, msiwaache peke yao, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Lipeni mchango wenu mapema. Fundi wa Agakiriro atengeneze madawati mawili yaliyovunjika. Mwenye elimu ya hesabu akae na mweka hazina saa moja kila muhula. Asiye na fedha wala ufundi na afike jikoni mara moja, aone chakula kinavyopikwa.

Tena, mjumbe akikosea aambiwe mkutanoni, mbele ya wote, wala asisengenywe njiani. Akishindwa kabisa, uchaguzi ujao upo.

Ndugu mzazi wa Gisozi, mwanao atakuletea kijikaratasi cha kukuita mkutanoni. Usikiweke chini ya godoro. Kisome, jirani asiyejua kusoma msomee, kisha mwende pamoja.