Ng'ombe Hawasomi Ramani

Ukitaka kujua watu wa Mara wanavyoiona mipango ya ardhi, shuka kwenye gari la halmashauri ukiwa na ramani kwapani. Kabla hujamaliza kusalimia, habari imeshafika kitongoji cha mwisho: wamekuja kupima, wanataka kutuhamisha. Kazi hiyo ya kubeba ramani nimeifanya sehemu kubwa ya maisha yangu, Musoma, Bunda na nyumbani kwetu Butiama, hadi nilipostaafu, na sijapata kuwalaumu watu kwa hofu yao. Wana kumbukumbu.

Wazee wanaikumbuka Operesheni Vijiji ya 1974 na 1975, watu walipotolewa kwenye makazi yao na kupangwa kwa mistari kandokando ya barabara. Hata Butiama, kijiji cha Mwalimu Nyerere mwenyewe, hakikubaki kama kilivyokuwa. Viwanja vilikatwa juu ya mashamba ya wengine, na ugomvi wake haukuisha. Ndiyo maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ililazimika kuuhalalisha rasmi ugawaji uliofanyika kati ya 1970 na 1977, ili watu waache kushtakiana kwa ajili ya mashamba ya babu zao.

Vijana nao wana la kwao. Wameiona kata ya Nyatwali, pale Bunda, kwenye Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Serikali iliamua eneo lile liungane na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ili wanyama wapate njia ya kufika ziwani kiangazi. Watu wakathaminiwa, wakalipwa, wakahama, na viwango vya fidia vikazua mjadala mrefu. Sasa wewe njoo na ramani yako wiki inayofuata, kijiji cha jirani, ujieleze.

Maelezo yangu yalikuwa haya. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji si agizo la kutoka Dodoma. Kwa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007, mamlaka ya kupanga ardhi ya kijiji ni halmashauri ya kijiji yenyewe, na mpango haupiti mpaka mkutano mkuu wa kijiji uukubali. Timu ya wilaya, yaani bwana ardhi, bwana mifugo, bwana misitu na wenzao, huja kusaidia. Wanatembea na kamati ya kijiji mguu kwa mguu, wanachora yaliyopo: kisima kiko wapi, njia ya mifugo inapita wapi, mlima gani umekatwa miti, nani analima kwenye mkondo wa maji. Halafu ndipo mnakaa kubishana kuhusu yajayo.

Nasema kubishana kwa sababu hakuna neno jingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaigawa ardhi mafungu matatu: ya jumuiya, kama malisho, visima, shule na makaburi, ya watu binafsi na kaya, na ya akiba, ambayo haijagawiwa mtu na inasubiri watakaokuja. Fungu hili la tatu ndilo linalowaka moto. Kila mkutano atasimama mtu aulize, kwa nini tuache ardhi imekaa bure na mimi nina vijana wanne hawana pa kulima?

Swali ni la haki, nami hulijibu kwa hesabu. Tuseme kijiji kina hekta 4,000 na kaya 600, na kila kaya inalima ekari 8. Hizo ni karibu hekta 1,940, basi nusu ya kijiji imekwenda. Sasa chukua sensa. Mwaka 2012 mkoa wa Mara ulikuwa na watu wapatao milioni 1.74; mwaka 2022 walikuwa milioni 2.37. Tukiendelea hivyo tutakuwa maradufu ndani ya miaka 23 hivi. Kaya zikifika 1,200, kila moja ikitaka ekari 8 zake, kijiji kinaisha. Malisho hakuna, kuni hakuna, na shule mpya haina pa kusimama. Mtoto anayebebwa mgongoni mkutanoni ndiye atakayeikuta hesabu hiyo.

Kumwachia mtoto huyo pa kuishi ndiko wakubwa wanakokuita maendeleo endelevu. Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, Waziri Mkuu wa Norway, ilieleza kwamba ni maendeleo yanayokidhi haja za watu wa leo bila kuwanyima watakaokuja uwezo wa kukidhi haja zao. Wengi hudhani wazo hilo lilibaki kwenye makongamano. Lakini limo ndani ya sheria yetu. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinaitaka halmashauri ya kijiji, katika kusimamia ardhi, izingatie kanuni ya maendeleo endelevu, na iangalie uhusiano wa matumizi ya ardhi na maliasili nyingine na mazingira, ndani ya kijiji na yanayopakana nacho. Kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji anayegawa bondeni bila kufikiri anavunja sheria, si ustaarabu tu.

Maneno hayo ya mwisho, yanayopakana nacho, ndiyo yaliyonisumbua kazini kuliko yote. Mzee mmoja wa Kizanaki aliniambia mkutanoni, "Binti, karatasi yako nzuri. Ila ng'ombe wangu hawasomi ramani." Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini alikuwa amesema kweli tupu. Tunapanga kijiji kwa kijiji, wakati maji, mifugo na tembo wanakwenda watakako.

Chukua Mto Mara. Unaanzia msitu wa Mau kule Kenya, unapita Maasai Mara na Serengeti, unasafiri karibu kilomita 400, kisha kabla ya kuingia ziwani unatanuka kuwa ardhi oevu kubwa ya mafunjo, inayogusa wilaya za Serengeti, Tarime, Rorya na Butiama. Kiangazi, nyasi mbichi ziko humo tu. Usishangae basi ukipita daraja la Kirumi ukaona makundi ya ng'ombe yanateremka bondeni. Kila kijiji kimejipangia malisho yake juu, na kila kijiji kinajua kwamba mambo yakikauka bonde litawapokea wote.

Machi 2022 maji ya mto huo yakageuka meusi na samaki wakafa. Kamati ya serikali chini ya Profesa Samwel Manyele ikaja na majibu kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza. Nchi ilicheka. Wengi hawakuamini, macho yao yalikuwa kwenye dhahabu inayochimbwa jirani, na utani ukaenea kwenye simu wiki nzima. Mimi naona kicheko kile kilitupitisha pembeni ya swali. Hata usipoyaamini majibu ya kamati, bado tulipaswa kuulizana kwa nini mifugo ya wilaya nne ilikuwa imejazana kwenye bonde moja, na mpango wa nani uliruhusu. Jibu, nionavyo mimi, ni kwamba hakuna mpango ulioruhusu na hakuna uliokataza. Bonde lilikuwa la wote, na kwa hiyo halikuwa la mtu. Kila 15 Septemba Watanzania na Wakenya huadhimisha Siku ya Mara kwa ajili ya mto huo, na hotuba huwa nzuri sana.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa, na ndani yake hutakiwi kufanya shughuli ya kudumu. Mkulima wa mboga kando ya maji anaziona mita hizo kama wizi wa mchana. Nimekwenda na kamba, nikapima, nikakuta shamba zima la mtu limo ndani ya mstari. Utamwambia nini? Palipowezekana, kamati ya kijiji ilimpa eneo jingine kutoka ardhi ya akiba, na hapo ndipo watu walipoelewa akiba inawekwa kwa ajili gani. Mahali ambapo akiba ilikuwa imeshagawiwa jamaa za viongozi, mstari ulibaki kwenye karatasi.

Wa mjini wasidhani haya hayawahusu. Musoma imekaa kwenye rasi, maji pande tatu, na vilima vyake vya mawe vimeshapandwa na nyumba. Huko sheria ni nyingine, ya Mipango Miji, nayo ni ya 2007 vilevile, na chombo chake ni mpango kabambe. Lakini ziwa ni lilelile. Mwaka 2020, na tena 2024, lilipanda likawafuata waliojenga ufukweni. Watu wakasema maji yamevamia makazi. Kwa waliojenga ndani ya mita zile 60, mimi naona makazi ndiyo yalitangulia kuvamia.

Twende Bunda, maana huko ndiko mambo yanakouma zaidi. Vijiji vya upande wa Hunyari, Mariwanda na Kunzugu vimekaa jirani na Serengeti na mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo. Mahindi yakikaribia kukomaa, wanaume wanakesha kwenye madungu, tochi mkononi, madebe ya kugonga pembeni. Tembo akishaingia, shamba la msimu mzima linaisha kwa usiku mmoja. Serikali ina kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Cha mazao hulipwa kwa ekari, hakizidi ekari tano, na kinapimwa kwa umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, kiasi kwamba aliye mpakani kabisa anaweza asipate kitu.

Mpango mzuri wa kijiji cha mpakani unasema nini? Kitaalamu si vigumu. Usipeleke mahindi, mtama na muhogo mpaka kwenye ukingo wa pori. Weka hapo malisho, au pilipili ambayo tembo haipendi, au mstari wa mizinga ya nyuki, kisha makazi na mashamba ya chakula yarudi nyuma. Njia za wanyama ziachwe wazi. Kwenye ramani inapendeza, kijani hapa, njano pale.

Lakini yule mwenye ekari sita pale penye kijani ni mtu. Mara nyingi ni kaya iliyofika mwisho, au mama mjane aliyesukumwa pembeni na shemeji zake. Tukisema uendelevu unataka ukanda huu usilimwe, tunasema gharama ya kuwatunza tembo wa dunia nzima, maana Serengeti ni urithi wa dunia tangu 1981, aibebe mjane wa Bunda. Msimamo wangu, na niliusema kazini mpaka wakubwa wakanichoka, ni kwamba mpango unaomtoa mtu pembeni bila kumwonyesha pa kwenda siku hiyohiyo, kwa jina na kwa ekari, usipelekwe mkutanoni. Kama hakuna ardhi ya kumpa, kuwe na fedha. Kama hakuna fedha, basi hatujamaliza kupanga.

Wahenga wetu walijua kutenga eneo lisiloguswa kwa njia yao. Pale Mwitongo, Butiama, jirani na kaburi la Mwalimu, uko msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki wanauheshimu kama makao ya mizimu. Kwa hofu hiyo umesimama, na miti yake ipo. Mpango wa kijiji unaoukuta msitu wa jadi kama huo na kuuandika kwenye karatasi kama eneo la hifadhi unakuwa na askari asiyelipwa mshahara. Sisemi turudi kutishana kwa mizimu. Nasema mstari ambao watu waliuheshimu kabla yako hauhitaji bikoni nyingi.

Udhaifu mkubwa wa kazi yetu unakuja baada ya sherehe. Mkutano umepiga kura, picha zimepigwa, gari limeondoka. Zilizobaki ni hatua zisizo na posho: kuweka mipaka ya malisho, kutunga sheria ndogo, kuchimba lambo na kujenga josho kule ng'ombe walikopangiwa, kutoa hati za hakimiliki za kimila. Hati hiyo mume na mke wanaweza kuandikwa wote wawili, na nilipenda siku za kuzigawa kuliko siku zote, lakini hati bila lambo haizuii ng'ombe kuteremka bondeni. Mfadhili hulipia ramani kwa furaha. Lambo analiona ghali.

Na dawa ya yule mzee mwenye ng'ombe wasiosoma ipo tangu 1999. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinaruhusu vijiji kuingia mkataba wa pamoja wa matumizi ya ardhi, malisho yakawa mamoja, njia ya mifugo ikawa moja, na kanuni zikawa zilezile pande zote. Bonde la Mara linangoja mkataba wa namna hiyo kuliko linavyongoja Siku ya Mara nyingine.

Wewe msomaji uliye kijijini, nenda ofisi ya mtendaji ukaombe kuonyeshwa mpango wa matumizi ya ardhi. Ukiambiwa upo, tafuta ardhi ya akiba iko wapi kwenye ramani, kisha nenda ukaione kwa macho kama bado ipo. Ukiambiwa haupo, dai uandaliwe. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake.