Maji Kwanza, Kuta Baadaye: Ujenzi wa Nyumba Ndogo Kasingirima

Anayejenga nyumba ya vyumba vitatu huanza na hesabu ya matofali, saruji na bati. Maji ya mvua huingia katika hesabu hiyo mwisho kabisa, mara nyingi baada ya msimu wa kwanza wa mvua, wakati ukuta umekwisha kulowa na jirani wa upande wa chini amekwisha kubisha hodi kulalamika. Mpangilio huo ungefaa kugeuzwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa lenye upana wa mita 8 na urefu wa mita 10 lina mita za mraba 80. Mvua ya milimita 30 ikinyesha, paa hilo peke yake humwaga lita 2,400, yaani mapipa 12 ya lita 200. Nyumba kumi zikielekeza maji hayo katika uchochoro mmoja, uchochoro hugeuka korongo. Zamani sehemu kubwa ya maji ilizama katika udongo wa uani. Siku hizi ua mwingi husakafiwa kwa saruji kutoka ukuta hadi ukuta, kwa sababu huonekana nadhifu, na maji hayana pa kwenda isipokuwa kwa mwingine.

Kinachotakiwa ni gata kuzunguka paa, bomba la kuteremshia, na tangi au hata pipa lenye mfuniko. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha vumbi na vinyesi vya ndege juu ya bati, kwa hiyo maji yake yaachwe yapite. Tangi likijaa, ziada ielekezwe katika shimo lililojazwa mawe na kokoto, mbali na msingi wa nyumba, mbali na choo, na kamwe si juu ya mpaka wa kiwanja. Sehemu ya ua ibaki udongo, nyasi au mti. Mahali panapolazimu kusakafiwa, matofali yaliyopangwa kwa kuachiana nafasi huruhusu maji kuzama.

Kuhusu joto, wazee wa Ujiji walikwisha kulitatua. Baraza iliyoinuliwa, upenu mrefu na mwembe uani viliufanya ukuta usipate jua wala mvua moja kwa moja. Nyumba nyingi mpya zimepunguza upenu ili kuokoa bati chache, kisha mwenye nyumba hununua feni. Kigoma ipo karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, hivyo kuta zinazochomwa zaidi ni za mashariki na magharibi. Upande mrefu wa nyumba ukitazama kaskazini au kusini, na madirisha yakielekeana, hewa hupita yenyewe. Dirisha la magharibi likihitajika kwa ajili ya upepo wa ziwa, lipewe upenu wa kulikinga na jua la alasiri.

Tofali la kuchoma lina gharama isiyoandikwa katika risiti, nayo ni kuni za tanuri. Njia nyingine ni tofali la udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, ambalo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umelieneza nchini. Matofali haya hufungamana, hivyo chokaa cha kujengea hutumika kidogo sana. Hayachomwi; huwekwa kivulini na kumwagiwa maji kwa siku kadhaa hadi yakomae. Udongo upimwe kwanza, kwani wenye mfinyanzi mwingi hupasuka unapokauka. Msingi uwe wa mawe na uinuliwe juu ya usawa wa ua, la sivyo tofali lolote litanyonya maji.

Limebaki ziwa lenyewe. Livingstone na Stanley walipokutana Ujiji mwaka 1871, mahali hapo palikuwa karibu na maji; leo mnara wa kumbukumbu upo mamia ya mita kutoka ufukweni. Maji yalizidi kupanda katika miaka iliyofuata, kisha, karibu mwaka 1878, yakaufungua mto Lukuga upande wa Kongo, ambao ndio njia pekee ya ziwa kutoa maji, na ziwa likashuka. Katika miaka ya karibuni limepanda tena na kufunika nyumba na miundombinu ya ufukweni katika nchi zinazolizunguka, Kigoma ikiwamo. Ufuko, basi, si mpaka uliosimama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na kiwanja kilichouzwa kwa bei nafuu ndani ya eneo hilo hakina unafuu wowote.

Ujenzi, hata wa chumba kimoja cha nyongeza, unahitaji kibali cha Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji kabla ya msingi kuchimbwa. Mwombaji anayepeleka mchoro wake ofisini auongezee mishale michache ya kalamu: maji yanaingia kiwanjani kutoka wapi, yanahifadhiwa wapi, na yanayobaki yanazama wapi. Mshale unaoishia katika ukuta wa jirani ni rahisi kuurekebisha ukiwa bado kwenye karatasi.