Chapeo ya urembo haikingi kichwa: Siri ya deraya za wapiganaji wa uraibu

Na MWANDISHI WETU

WASOMAJI wa Biblia ya Kiswahili wanayafahamu vyema maneno chapeo, dirii na ngao. Wengi wetu huyachukulia kuwa maneno ya mahubiri tu, au majina ya vitu vilivyobaki katika picha za vitabu vya historia.

Hata hivyo, katika mataifa kama vile Marekani, Uingereza, Ufaransa, Poland na Ukraine, wapo maelfu ya watu ambao siku za mapumziko huvaa vifaa hivyo, wakaingia uwanjani na kupigana.

Hawa si wanajeshi wala waigizaji wa filamu. Ni walimu, mafundi, wauguzi na wanafunzi ambao wameufanya upiganaji wa Zama za Kati, kipindi cha takriban karne ya 5 hadi ya 15 barani Ulaya, kuwa uraibu wao. Hawana nia ya kuuana, lakini mapigo wanayopigana ni ya kweli.

Je, ni kitu gani kinachomwezesha mtu kupigwa rungu kichwani Jumamosi na kufika kazini Jumatatu akiwa mzima? Wengi watajibu kwamba ni chuma. Jibu hilo ni nusu tu ya ukweli, na asiyeijua nusu ya pili anaweza kulipia ujinga huo kwa ubongo wake.

Kwanza ijue silaha

Deraya haichaguliwi kabla ya kujua itapigwa na nini. Mapigano haya ni ya aina mbalimbali, na deraya inayofaa katika aina moja yaweza kuwa hatari katika nyingine.

Chama kinachojulikana sana ni Society for Creative Anachronism cha Marekani. Kilianza Mei 1, 1966 mjini Berkeley, jimbo la California, katika karamu iliyofanyiwa uani mwa nyumba. Tangu 1972 wafuasi wake wamekuwa wakikutana katika jimbo la Pennsylvania kwa mkusanyiko uitwao Pennsic War, ambao huwavutia watu zaidi ya 10,000.

Wapiganaji wa deraya wa chama hiki hawatumii panga za chuma. Hutumia fimbo za henzirani, mmea ule ule unaotengenezewa viti vya varandani. Kanuni zinataka fimbo ya upanga iwe na kipenyo kisichopungua takriban sentimita 3.2, nayo hufungwa kwa utepe mzito.

Kwa nini henzirani wala si mwanzi? Mwanzi una uwazi ndani, na unapopasuka hutoa vibanzi vyenye makali. Henzirani imejaa nyuzi hadi kiini chake. Inapochoka hulainika na kuchanuka mithili ya mswaki wa mti, na hivyo humpa mwenyewe onyo kabla haijamdhuru mwenzake.

Katika mchezo huu, aliyepigwa ndiye anayekiri kwamba pigo limempata sawasawa na kwamba lingemwangusha vitani. Heshima ya mpiganaji imo katika ukweli wake.

Aina ya pili huitwa buhurt, na ndiyo kali zaidi. Mnamo 2010, timu za Ukraine, Urusi, Belarus na Poland zilikutana katika ngome ya Khotyn, nchini Ukraine, kwa mashindano ya Battle of the Nations. Kufikia 2013 mashindano hayo yalikuwa yamefika mji wa kale wa Aigues-Mortes, kusini mwa Ufaransa.

Hapa silaha ni za chuma halisi, ila makali yake yamefutwa na ncha zake kuviringwa. Timu ya watu watano hukabiliana na nyingine ya watano. Miguu miwili ikiwa chini mtu angali mchezoni. Goti, mkono au mgongo ukigusa ardhi, ametoka. Kudunga kwa ncha ya silaha kumepigwa marufuku, kama ilivyo kupiga nyuma ya magoti, sehemu za siri na kisogo.

Aina ya tatu ni maonyesho ya historia, kama yale ya kukumbuka vita vya Hastings vya 1066 ambayo hufanyika katika mji wa Battle, kusini mwa Uingereza. Humo mapigo huzuiwa kabla ya kutua kwa nguvu, kwa kuwa lengo ni mtazamaji aone jinsi mambo yalivyokuwa. Kwa sababu hiyo wengi huweza kuvaa chapeo isiyofunika uso, kama walivyovaa watu wa karne ya 11. Mtu akiingia katika buhurt na chapeo hiyo, anauhatarisha uso wake kwa pigo la kwanza tu.

Kichwa ndicho cha kwanza

Mwaka 1996, watu waliokuwa wakijenga karibu na Towton, kaskazini mwa Uingereza, walifukua kaburi la pamoja la askari waliouawa katika vita vya Machi 29, 1461. Mifupa iliyopatikana ilikuwa ya watu wapatao 40. Wengi wao walikuwa na majeraha ya kichwa, baadhi yao zaidi ya jeraha moja, jambo lililowafanya wataalamu kuamini kwamba walikuwa wamepoteza au kuvua chapeo zao.

Wapiganaji wa leo wamelichukua somo hilo. Katika mapigano ya henzirani, chapeo hutakiwa kuwa ya chuma chenye unene wa takriban milimita 1.6. Katika buhurt, ambako shoka la chuma hushuka kwa mikono miwili, kwa kawaida mafundi hutumia milimita 2 au zaidi, hasa utosini.

Mianya ya uso nayo ina kanuni. Kijiti chenye kipenyo cha sentimita 2.5 hakitakiwi kupenya kati ya vyuma vya kifuniko cha uso. Kanuni hiyo yaweza kuonekana ya ukaidi, lakini historia inaitetea. Juni 30, 1559, Mfalme Henri II wa Ufaransa alikuwa akishindana kwa mikuki juu ya farasi katika sherehe jijini Paris. Mkuki wa mpinzani wake ulivunjika, na vibanzi vikapenya kwenye kifuniko cha uso. Mfalme alifariki Julai 10. Huo ulikuwa mchezo, na deraya aliyovaa ilistahili mfalme. Mauti yalipita katika mwanya.

Kinachookoa ni kilicho ndani

Sasa tuje kwenye nusu ya pili ya jibu. Chuma huzuia silaha isikate wala kutoboa. Hakizuii nguvu ya pigo. Nguvu hiyo hupita hadi kwenye fuvu, na ubongo ulio ndani hutikisika na kugonga kuta zake.

Kinachopunguza mtikisiko huo ni kitu laini kilicho kati ya chuma na kichwa. Kinapobonyea, pigo lililokuwa la ghafla huchukua muda mrefu kidogo na kuenea mahali papana. Ndiyo sababu kanuni za henzirani zinataka sponji ngumu au kitambaa kilichojazwa, chenye unene usiopungua sentimita 1.3, pande zote za chapeo panapoweza kugusana na kichwa. Ukanda wa kidevu nao ni wa lazima, la sivyo chapeo itazunguka na kumfumba mwenyewe macho.

Mwendeshaji wa bodaboda analielewa jambo hili. Tofauti ni kwamba helmeti yake imeundwa kupokea ajali moja tu. Sponji ya ndani ikishapondeka, haifai tena. Chapeo ya mpiganaji hupokea mapigo mengi kwa siku moja, hivyo bitana yake lazima iweze kurudi katika umbo lake, na ibadilishwe inapolegea.

Hapo ndipo chapeo za urembo zinapowaponza watu. Huuzwa kwa ajili ya kuwekwa kabatini au kutundikwa ukutani. Hung'aa kwelikweli, lakini bati lake ni jembamba, ribiti zake ni za kupendeza tu, na ndani hamna kitu ila kamba za ngozi. Mnunuzi asiyejua huiona chapeo, ilhali alichonunua ni pambo.

Pamoja na hayo, hakuna chapeo inayoweza kuzuia kabisa mtikisiko wa ubongo. Mpiganaji anayehisi kizunguzungu, kichefuchefu au kusahau mambo baada ya pigo anapaswa kuondoka uwanjani mara moja na kumwona daktari, hata kama deraya yake haina mkwaruzo.

Mwili: kitambaa kabla ya chuma

Mantiki hiyo hiyo hutumika mwilini. Vazi la kwanza si chuma bali ni koti zito la kitambaa, lililoshonwa kwa tabaka nyingi au kujazwa pamba. Wazee wa zamani walilithamini mno. Amri ya kijeshi ya enzi ya Mfalme Louis XI wa Ufaransa, katika karne ya 15, ilipendekeza koti la tabaka 25 hadi 30 za kitambaa pamoja na ngozi ya ayala.

Juu ya koti hilo baadhi huvaa shati la pete za chuma zilizoshikamanishwa. Pete hizo huzuia makali vizuri, lakini hukunjamana zinapopigwa na kitu butu. Mfupa ulio chini huvunjika huku shati likiwa zima. Tena, pete zilizofungwa kwa ribiti ndizo imara. Zile ambazo ncha zake zimegusanishwa tu hufunguka kwa urahisi.

Wengi kwa hivyo huongeza mabamba. Mfano unaonakiliwa sana ulipatikana Visby, katika kisiwa cha Gotland nchini Uswidi. Julai 27, 1361, jeshi la Mfalme Valdemar wa Denmark liliwaangamiza wakulima waliokuwa wakiutetea mji huo. Ulikuwa msimu wa joto na maiti zilizikwa kwa haraka, nyingine zikiwa bado zimevaa deraya. Wachimbaji wa karne ya 20 walifukua mabaki ya watu wapatao 1,185 pamoja na deraya 25 za kiwiliwili.

Deraya hizo ni mabamba ya chuma yaliyopigwa ribiti ndani ya vazi la ngozi au kitambaa. Fundi wa kawaida anaweza kuyakata na kuyakunja bila tanuri kubwa, na ndiyo maana mtindo wa Visby unapendwa na wanaojitengenezea. Kadhalika, mifupa ya Visby ilionyesha majeraha mengi ya miguu, chini ya mahali ambapo deraya na ngao zilikomea.

Kwa hiyo viwiko na magoti huvishwa vikombe vya chuma vyenye sponji ndani. Figo, koo na sehemu za siri nazo huwekewa kinga ngumu. Vidole, vyenye mifupa midogo, huhitaji uangalifu wa pekee. Glavu ya chuma inayovifunika vyote pamoja huvikinga vizuri kuliko ile inayotenganisha kila kidole, kwa kuwa pigo husambaa badala ya kuangukia kimoja.

Uzito na joto

Deraya kamili ya chuma ya karne ya 15 ilikuwa na uzito wa kilo 20 hadi 25 hivi, na mara nyingi ile ya buhurt huzidi hapo. Uzito huo ukining'inia mabegani pekee, mgongo huumia. Fundi stadi huugawa: sehemu ya kifua hukaa kiunoni, na kinga za miguu hufungwa kwenye ukanda au koti la ndani.

Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Graham Askew wa Chuo Kikuu cha Leeds waliwapima watu waliovaa deraya nzito wakitembea na kukimbia juu ya mashine. Waligundua kwamba kutembea na deraya kulihitaji zaidi ya mara mbili ya nguvu za kawaida. Sababu mojawapo ilikuwa chuma cha miguuni, ambacho hunyanyuliwa kwa kila hatua. Isitoshe, kifua kilichobanwa kiliwafanya wapumue kwa pumzi fupi.

Baadhi ya wapiganaji wa leo hutumia titaniamu, ambayo uzito wake ni zaidi kidogo ya nusu ya ule wa chuma, ingawa bei yake ni ya juu. Lakini hata titaniamu haiondoi joto. Koti la pamba huzuia jasho kukauka, na mtu anaweza kuzirai bila kuguswa na silaha. Maji na mapumziko ni sehemu ya vifaa.

Ushauri kwa anayeanza

Wazoefu humshauri mgeni asinunue chochote siku ya kwanza. Vikundi vingi huwa na deraya za kuazima, na mtu hujua anachohitaji baada ya kujaribu. Anapoanza kununua, aanze na chapeo inayomtosha yeye, kisha mikono na viungo. Mapambo yatangoja.

Aidha, afahamu kwamba kabla ya pambano wasimamizi hukagua vifaa. Hutikisa chapeo, huvuta mikanda na kupima mianya. Anayekataliwa asikasirike, kwani wasimamizi hao wanatafuta kile ambacho mng'aro hauwezi kukionyesha: bitana iliyochoka, ribiti iliyolegea au bizimu iliyopasuka. Kitu kidogo kama hicho ndicho kinachoamua kama mpiganaji wa Jumamosi atafika kazini Jumatatu.