Haya si Kunyamaza

Mama mmoja wa mtaani kwetu alitujia siku chache baada ya Idi, akiwa na huzuni kubwa. Binti yake wa miaka 13 alikuwa amevunja ungo miezi mitano kabla ya hapo, na asimwambie mtu. Alipoiona damu mara ya kwanza alidhani ameumia ndani, au amepatwa na maradhi yasiyo na dawa. Akararua kanga kuukuu, akajisitiri kwa siri, na vitambaa akawa akivifua usiku watu wakiisha lala. Ikaingia Ramadhani. Akafunga mwezi mzima pamoja na nduguze, akasimama nao katika Tarawehi, hali siku saba katika hizo alikuwa mwenye hedhi. Mambo yakafunuka mama alipotandika kitanda akaviona vitambaa vilivyofichwa chini ya godoro.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?" akamwuliza.

"Nisamehe, mama," akajibu binti. "Niliogopa utasema nimefanya jambo baya."

Neno hilo ndilo lililomliza mama yule, na ndilo lililotufanya tushike kalamu. Tumelisimulia kwa idhini yake, wala si kwa kumlaumu, kwani ni wangapi katika sisi wazazi tunaoweza kusema kwamba jambo kama hili haliwezi kutokea nyumbani kwetu?

Yatupasa tulitazame vizuri jambo lenyewe. Binti yule hakuwa mtoto wa mtaani asiye na malezi. Alikuwa akisoma chuoni tangu utoto wake, na kitabu cha Safinatun Najaa, alichokitunga Sheikh Salim bin Sumair wa Hadhramaut katika karne ya 19, alikuwa amekwisha kisoma. Kila aliyesoma katika vyuo vya pwani yetu akijua kitabu hicho. Mapema kabisa, kurasa za mwanzo, mtungaji anataja alama tatu za kubaleghe: kutimia miaka 15 kwa mwanamume na mwanamke, kutokwa na manii kwa ndoto tangu miaka 9, na hedhi kwa mwanamke tangu miaka 9, yote kwa hesabu ya miaka ya mwezi mwandamo. Binti yule alikuwa amezihifadhi alama hizo tatu kwa Kiarabu. Lakini hapana mtu aliyemwambia kwamba anayesemwa humo ni yeye. Neno lilikuwa ulimini mwake, na maana yake ilikuwa mbali naye kama mbingu na ardhi.

Basi tujiulize: ni nini kilichotuziba vinywa? Wengi watajibu, ni haya. Nasi twakubali kwamba haya ni katika imani, na nyumba isiyo na haya haina kheri. Walakini hebu tutazame haya ya Mtume wetu (S.A.W.) na masahaba wake ilikuwaje, ili tujue kama hii yetu ni ile yao au ni kitu kingine tulichokipa jina hilo.

Bibi Ummu Sulaim, mama yake Anas bin Malik, alimwendea Mtume (S.A.W.) akatanguliza kusema kwamba Mwenyezi Mungu haoni haya katika haki, kisha akauliza kama mwanamke aliyeota ndoto yampasa kuoga. Mtume hakumkemea wala hakumwambia kuwa hayo si maneno ya kusemwa. Alimjibu kwamba yampasa, akiyaona maji. Na Bibi Aisha (R.A.) akiwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya yao haikuwazuia kuifahamu dini yao.

Siku nyingine mwanamke mmoja alimwuliza Mtume namna ya kujitoharisha baada ya hedhi. Akamweleza kuoga, kisha achukue kipande cha pamba au sufi chenye miski ajisafishe nacho. Mwanamke akauliza, ajisafishe vipi? Hapo Mtume aliona haya, akaugeuza uso wake. Ndipo Bibi Aisha alipomvuta mwanamke yule kando akamfahamisha kwamba afuatishe mahali palipokuwa na damu.

Kisa hiki chatutosha kuwa mwongozo. Haya ilikuwapo, tena kwa Mtume mwenyewe, lakini yule mwanamke hakurudi kwake na ujinga wake. Haya ilionekana katika namna ya kusema, na katika kumchagua mtu anayefaa kusema. Haikuwa katika kuliacha swali bila jibu.

Kadhalika Sayyidna Ali (R.A.). Alikuwa na jambo la mwili wake lililomtaabisha, akaona haya kumwuliza Mtume kwa sababu ni mkwewe. Je, alinyamaza? La! Alimtuma Miqdad akamwulizie, na jibu likapatikana.

Nao wazee wetu wa pwani waliifahamu njia hii. Mama wa zamani aliyeona haya kumwambia binti yake mambo ya utu uzima alimwita somo, mwanamke mwaminifu mwenye akili na siri, akamkabidhi mwari. Somo ndiye aliyemfundisha kujisitiri, kuhesabu siku zake, kuoga josho lake, na heshima ya mwili wake. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alipokuwa mgonjwa, yapata mwaka 1858, alimtungia binti yake utendi mzima wa kumwusia, na hakuacha kutaja mambo ya mke na mume na namna ya kukaa katika nyumba. Hatusemi kwamba yote yaliyofanywa katika unyago yalikuwa mema. Yako yaliyochanganyika na mila zisizoafikiana na sheria, na wanavyuoni wetu waliyakataza kwa haki. Lakini katika kuzikataza ngoma, wengi wetu tumemwacha na mwalimu. Leo tunakaa mijini katika nyumba za kupanga, shangazi yuko Tanga, bibi yuko Lamu, somo hayupo kabisa. Kiti chake ki wazi, na mama hajakikalia.

Wala kiti hicho hakikubaki kitupu. Amekikalia rafiki wa shuleni asiyejua zaidi ya mwenziwe, na imekikalia simu ya mkononi. Hapa ndipo tunapowajibu wale wasemao, "Tukiwaambia watoto mambo haya tutawaamsha waliolala." Ndugu zetu, hawajalala. Kijana wa miaka 12 mwenye simu huweza kuona kwa dakika moja, katika giza la chumba chake, uchafu ambao babu yake hakuuona maisha yake yote. Lililobaki kwetu ni kuamua kama atafundishwa mambo hayo na mtu anayempenda na kumwogopa Mungu, au na watu wanaomfanyia biashara.

Tena liko jambo zito kuliko hilo. Yako maovu yanayofanyiwa watoto, wa kike na wa kiume, na aghalabu mtendaji ni mtu wanayemjua: jamaa, jirani, hata mwalimu. Mtoto aliyelelewa kwamba sehemu za siri hazitajwi kamwe hana maneno ya kushtakia. Atanyamaza kama binti yule alivyonyamaza, naye mdhalimu ategemea ukimya huo huo tunaouita haya. Mtoto na ajue tangu udogoni kwamba mwili wake ni amana, kwamba hapana mtu mwenye haki ya kuuchezea, na kwamba akiguzwa, aje aseme, wala hatapigwa.

Sasa, tuseme nini, na lini? Mwenyezi Mungu ametupangia ngazi. Katika Suratun Nur ameamrisha watoto wasiobaleghe wafundishwe kubisha hodi nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya Isha, na wakibaleghe wabishe hodi kila wakati. Naye Mtume ameagiza watoto watengwe malazi wafikapo miaka 10. Mzazi anayezitimiza amri hizi mbili tayari amefunguliwa mlango wa mazungumzo, kwani mtoto atauliza, "Kwa nini leo silali na dada?" Hapo na ajibiwe kwa ukweli, kwa kadiri ya umri wake.

Madaktari hutwambia kwamba mwili wa msichana aghalabu huanza kubadilika baina ya miaka 8 na 13, na wa mvulana baina ya miaka 9 na 14. Basi atakayengoja miaka 15 amechelewa. Msichana na aambiwe kabla ya damu kuja kwamba itakuja. Kwamba si maradhi wala si dhambi. Kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi uchache wake ni mchana na usiku mmoja, wingi wake ni siku 15, na kwa kawaida huwa siku 6 au 7. Kwamba siku hizo hasali wala hafungi, na saumu atailipa lakini sala hailipi. Na afundishwe kujisitiri kwa taulo safi au kitambaa kilichoanikwa juani, si chini ya godoro.

Mvulana naye asisahauliwe, maana huyu hudhaniwa atajua mwenyewe. Aambiwe kwamba sauti itakuwa nzito, nywele zitaota, na ataota ndoto aamke amelowa. Kwamba hilo ni maumbile, na lampasa kuoga janaba kabla ya kusali. Wako vijana walioacha kwenda msikitini Alfajiri kwa sababu hiyo tu. Aambiwe pia asimcheke dada yake aachapo kusali, na kwamba mimba ina baba kama ilivyo na mama, na kwamba zinaa ina aibu ya Akhera na maradhi ya duniani, UKIMWI ukiwamo.

Na hayo ya zinaa yasemwe kama alivyoyasema Mtume. Kijana mmoja alimjia akaomba ruhusa ya kuzini. Waliokuwapo wakamkaripia. Mtume akamwambia asogee karibu, akamkalisha, akamwuliza kama angependa afanyiwe hayo mamaye, bintiye, dadaye, shangaziye, na mama yake mdogo. Kijana akajibu kila mara kwamba la. Kisha Mtume akaweka mkono wake juu yake akamwombea. Aliyetaka kusema naye hakumfukuza, alimsogeza. Wangapi katika sisi, mwana angetuuliza jambo dogo kuliko hilo, tungemkaribisha badala ya kumwinulia mkono?

Baba anaweza kuanza njiani, wakitoka msikitini na mwanawe. Mama anaweza kuanza jikoni, wakipepeta mchele na bintiye. Jambo moja kwa siku moja latosha. Asiyeweza na afanye kama Sayyidna Ali, amtume mwingine: shangazi, mjomba, bibi, au mwalimu wa chuo aliye mwaminifu. Lisilojulikana na liulizwe kwa mwanachuoni au daktari, na mtoto aambiwe wazi, "Sijui, nitakuulizia." Na ninyi vijana msomao haya, wazazi wenu wakikawia kuanza, anzeni ninyi kwa adabu. Huenda wao pia wanaona haya kama mnavyoona ninyi.

Mama yule tuliyemtaja alituuliza kama bintiye ana dhambi. Tulimwambia twataraji Mwenyezi Mungu hatamchukulia kwa jambo asilofundishwa, na kwamba lililobaki ni kuzilipa siku zile saba. Juzi alituletea habari kwamba anazilipa Jumatatu na Alhamisi, na mama hufunga pamoja naye. Jioni hukaa pamoja wakingoja adhana ya Magharibi, na binti, ambaye kwa miezi mitano hakuwa na la kusema, sasa maswali yake hayaishi. Mdogo wake wa miaka 9 hukaa karibu akisikiliza, na mama hamfukuzi.

Mwenyezi Mungu atupe haya iliyo ya kweli na ulimi ulio mwema, na awahifadhi watoto wetu katika dini yao na miili yao. Amin.